Kitalu cha Urithi Kisipoonekana Nje: Kutafuta Chanzo cha Tatizo katika Rekodi za Njia

Mhandisi anayesimamia mtandao wa chuo, hospitali, benki au shirika la umma lililoingia mapema kwenye intaneti huenda amerithi kitalu cha anwani za IP kisicho na mkataba wowote nyuma yake. Anwani hizo ziliombwa kwa fomu iliyotumwa kwa faksi au barua pepe, zikatolewa kabla masjala za kanda tunazozijua leo, yaani asasi zinazogawa anwani na kutunza rekodi za umiliki wake, hazijaundwa. RIPE NCC ya Ulaya ilianza kazi mwaka 1992, APNIC ya Asia na Pasifiki mwaka 1993, ARIN ya Amerika ya Kaskazini mwezi Desemba 1997, na AFRINIC, yenye ofisi zake Mauritius, ilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Kitalu kilichotolewa nje ya mfumo wa masjala hizo ndicho ninachokiita hapa kitalu cha urithi.

Kwa miaka mingi vitalu hivyo vilitangazwa kwa mitandao mingine, ili ijue njia ya kuvifikia, bila mtu kuuliza chochote. Swali huja siku taasisi inapobadilisha mtoa huduma, au inapochukua mtoa huduma wa pili ili isizimike kebo moja ikikatika. Mhandisi wa upande wa pili huandika barua pepe ya mstari mmoja akitaka kuonyeshwa rekodi ya njia, na kuanzia hapo shida hufuatana.

Rekodi ya njia ni tamko fupi ndani ya daftari la umma, linalosema kwamba kitalu fulani kimeruhusiwa kutangazwa na mtandao wenye namba fulani ya AS, yaani namba inayoutambulisha mtandao unaojitegemea kwenye intaneti. Madaftari hayo kwa pamoja hujulikana kwa kifupi cha IRR, na lugha inayotumika kuyaandika ni RPSL, iliyofafanuliwa katika waraka wa RFC 2622 wa mwaka 1999. Tamko lenyewe huwa na sura hii:

route: 192.0.2.0/24
descr: Chuo cha Mfano
origin: AS64500
mnt-by: MFANO-MNT
source: AFRINIC

Kitalu hicho na namba hiyo ya AS vimetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano tu, kwa hiyo weka vya kwenu mahali pake. Mistari hiyo mitano si migumu (mnt-by humtaja mtunzaji, yaani akaunti yenye haki ya kubadilisha rekodi, na source hutaja daftari), na ni nadra kosa la kweli kuwa ndani yake. Katika vitalu vya urithi nilivyovishughulikia, karibu kila mara tatizo lilikuwa ngazi moja juu, yaani kwenye rekodi ya umiliki wa kitalu, ambayo hakuna aliyeigusa tangu siku ilipoandikwa. Nitazieleza dalili kama zinavyojitokeza kazini, lakini msomaji asishangae nikimrudisha tena na tena kwenye umiliki.

BGP imesimama, lakini kitalu hakionekani nje

Hii ndiyo dalili ya kwanza na ndiyo inayowatesa watu wengi. Muunganisho na mtoa huduma kwa BGP, itifaki ambayo mitandao huitumia kutangaziana njia, umesimama vizuri, ruta yenu inaonyesha kwamba kitalu kimetangazwa, na bado mtu aliye Nairobi au Frankfurt hawezi kufungua tovuti yenu. Wengi huanza kwa kuzima na kuwasha ruta, kisha hubadilisha mipangilio iliyokuwa sahihi, na mwisho wake wanakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Acha ruta kwanza. Tazama hali kutoka nje, kwa kutumia RIPEstat, zana ya wavuti ya RIPE NCC, au seva ya kutazamia njia ya mtandao mwingine, ili ujue kama kitalu hakionekani mahali popote au kinaonekana kwa mtoa huduma wako na kukomea hapo. Kikikomea hapo, kinachokizuia ni vichujio, yaani orodha za njia zinazokubaliwa, vya wale walio juu yake, na vichujio hivyo hujengwa kutokana na madaftari ya njia.

Hatua inayofuata ni kuuliza daftari lenyewe:

whois -h whois.radb.net 192.0.2.0/24

Seva hiyo ni ya RADB, daftari linaloendeshwa na Merit Network ya Michigan, Marekani, tangu mwaka 1995. Inafaa kuanzia hapo kwa sababu huhifadhi pia nakala za madaftari mengine mengi, kwa hiyo swali moja huleta majibu ya sehemu nyingi. Soma jibu polepole, na usiishie kwenye mstari wa kwanza unaokupendeza. Angalia namba iliyoandikwa mbele ya origin, kisha angalia source, kwa maana rekodi mbili zenye kitalu kilekile zinaweza kutoka madaftari mawili tofauti na zikataja mitandao miwili tofauti.

Rekodi ikiwepo na namba ya AS ikiwa sahihi, lakini kitalu bado hakionekani, jiulize kama kichujio cha mtoa huduma kingeweza kukifikia kitalu hicho hata kidogo. Watoa huduma wengi hutengeneza vichujio kwa programu ya bgpq4, nawe unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako na kuona kile wanachokiona wao:

bgpq4 -4 -l jaribio AS64500
bgpq4 -4 -l jaribio AS-MFANO

Amri ya kwanza hukusanya vitalu vilivyosajiliwa kwa namba yenu ya AS. Ya pili hupitia kundi la AS, yaani orodha ambamo mtandao hutaja namba yake na namba za wateja wake. Kitalu kikitokea kwenye jibu la kwanza na kukosekana kwenye la pili, namba yenu haimo kwenye kundi ambalo mtoa huduma amelitangaza kwa walio juu yake. Hapo hakuna la kurekebisha kwenye rekodi ya njia, kwa kuwa anayetakiwa kuongeza mstari mmoja kwenye kundi lake ni mtoa huduma. Nimeona taasisi ikiandika rekodi ileile upya kwenye madaftari matatu kwa sababu hakuna aliyeangalia kundi.

Sababu nyingine ni urefu wa kitalu, yaani namba iliyo baada ya mkwaju: ikiwa kubwa, kitalu ni kidogo. Taasisi yenye kitalu cha zamani cha daraja B, yaani /16, husajili /16 hiyo pekee, kisha hutangaza kipande cha /24 kutoka kampasi ya pili. Kichujio kinachodai ulinganifu kamili kitapitisha /16 na kukataa /24. Sajili kipande unachokitangaza kweli, lakini usisajili vipande vyote 256 kwa tahadhari, kwa sababu kila rekodi ya ziada ni ruhusa iliyoachwa wazi kwa tangazo ambalo hukukusudia kulitoa. Kumbuka pia kwamba kwenye intaneti ya jumla kitalu kidogo kuliko /24 hakipokelewi, hata kiwe na rekodi nzuri kiasi gani.

Kuhusu muda sina mengi. Vichujio vingi hujengwa upya mara moja kwa siku, mara nyingi usiku. Rekodi iliyoandikwa asubuhi isihukumiwe mchana.

Hujui kitalu kiko chini ya masjala ipi

Kabla ya kuandika chochote lazima ujue nani anatunza rekodi ya umiliki. Orodha ya IANA, asasi inayogawa anwani kwa masjala za kanda, huonyesha vitalu vikubwa na wasimamizi wake: 196/8 na 154/8 zimeandikwa kuwa ni za urithi na zinasimamiwa na AFRINIC, ilhali 192/8 ni ya urithi na inasimamiwa na ARIN. Hata hivyo usikate shauri kwa tarakimu ya kwanza peke yake. Kuanzia mwaka 2002 masjala ziliendesha mradi wa kuhamisha rekodi za mapema kutoka ARIN kwenda kanda ambako wenye anwani walikuwa, na ndani ya kitalu kikubwa cha masjala moja mnaweza kukutwa vipande vinavyotunzwa na nyingine. Uliza kwa RDAP au whois, huduma za kuulizia rekodi za masjala, fuata inakokuelekeza, na uhesabu kwamba masjala yenu ni ile inayotoa rekodi kamili yenye jina la taasisi.

Kuna mkanganyiko mmoja unaofaa kusahihishwa hapa. Kati ya mwaka 1997 na 2005 mitandao mingi ya Afrika ilipata anwani kutoka ARIN, RIPE NCC au APNIC kwa mkataba na ada, na usimamizi wake ukahamia AFRINIC baadaye. Anwani hizo ni za zamani, lakini si za urithi. Nimekutana na wakurugenzi wanaoamini kwamba kitalu chao hakidaiwi ada yoyote, kumbe kilikuwa na mkataba tangu siku ya kwanza na madeni yalikuwa yakilimbikizana. Jambo hili lithibitishwe mapema, kwa sababu linabadilisha kila kitu kinachofuata.

Daftari linakataa kupokea rekodi

Umeandika mistari mitano, umeituma, na jibu linasema kwamba huna idhini. Sababu hutofautiana kwa kanda, na hapa ndipo miongozo ya zamani inapowapoteza watu zaidi.

Katika daftari la RIPE, mfumo hutafuta kwanza kama kuna rekodi ya njia ya kitalu hichohicho au ya kitalu kikubwa kinachokifunika. Ikiwepo, idhini hudaiwa kutoka kwa mtunzaji wa rekodi hiyo. Isipokuwepo, mfumo huenda kwenye rekodi ya anwani na kuangalia mnt-routes, kisha mnt-lower, kisha mnt-by, mistari inayotaja watunzaji wenye idhini. Maana yake ni kwamba rekodi ya njia iliyoachwa na mtoa huduma mliyeachana naye miaka kumi iliyopita inaweza kuwazuia leo, ingawa uthibitisho wenu ni sahihi na kitalu ni chenu. Dawa yake ni kuifuta ile ya zamani, na RIPE humpa mwenye anwani uwezo wa kufuta rekodi za namna hiyo hata kama hakuziandika yeye.

Kwa anwani zilizo chini ya AFRINIC, tazama rekodi ya kitalu na usome majina ya watunzaji. Mara nyingi mnt-by ni ya masjala yenyewe, na jina lenu linatakiwa kuwa kwenye mnt-lower au mnt-routes. Likikosekana, hakuna nenosiri litakalokusaidia. Lazima masjala iweke jina la mtunzaji wenu pale, na haitafanya hivyo mpaka ithibitishe kwamba mnawakilisha mwenye kitalu. Likiwepo lakini hakuna anayejua nenosiri wala kuwa na ufunguo wa saini ya kidijitali wa PGP, tatizo ni lilelile kwa sura nyingine.

Kwa anwani zilizo chini ya ARIN, mlango ni mkataba. Daftari la ARIN linalothibitishwa lilianza mwaka 2020, na lile la zamani lisilothibitishwa, lililojulikana kama ARIN-NONAUTH, lilifungwa mwezi Aprili 2022. Mwenye kitalu cha urithi ambaye hajasaini mkataba na ARIN huendelea kuonekana kwenye whois na kuhudumiwa kwa mambo ya msingi, lakini daftari linalothibitishwa na huduma ya RPKI, nitakayoieleza mbele, vinahitaji mkataba huo. Nafuu ya ada iliyokuwa ikitolewa kwa wenye anwani za urithi wanaosaini ilikoma kwa wasaini wapya tarehe 31 Desemba 2023. Kwa hiyo dalili ya "rekodi yetu ilikuwepo miaka yote, sasa haipo" mara nyingi ina tarehe inayojulikana: ilikuwa ndani ya daftari lililofungwa.

Mtego wa mwisho katika kundi hili unatokana na historia. Kabla AFRINIC haijawa na daftari lake la njia, mitandao mingi ya Afrika iliandika rekodi zake kwenye daftari la RIPE, ambalo wakati huo liliruhusu mtu yeyote mwenye mtunzaji kuandika rekodi ya anwani za kanda nyingine kwa nenosiri lililojulikana na wote. Mwezi Septemba 2018 mlango huo ulifungwa, na rekodi zilizokuwepo zikatengwa chini ya jina la RIPE-NONAUTH. Zinaweza kufutwa, lakini mpya haziwezi kuandikwa. Ukikuta mwongozo unaokuelekeza kuandika kitalu cha 196 kwenye daftari la RIPE, uweke kando.

Mmiliki aliyeandikwa hayupo tena

Dalili zote za juu, ukizifuata mpaka mwisho, huishia hapa. Masjala iko tayari kukupa idhini, lakini jina lililoandikwa kwenye rekodi si jina la taasisi ya leo, na mtu aliyetajwa kama mwasiliani amestaafu, amehama au amefariki. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida mno kwetu. Shirika la posta na simu la Kenya liligawanywa mwaka 1999, na lile la Tanzania lilikuwa limegawanywa miaka michache kabla yake, katika muongo uleule ambao mashirika na vyuo vilikuwa vikipata anwani zao za kwanza. Vitivo vimekuwa vyuo vikuu kamili, wizara zimeunganishwa na kutenganishwa, na kampuni zimenunuliwa mara mbili. Rekodi ya anwani haikuarifiwa lolote kati ya hayo.

Niliwahi kusaidia chuo kimoja ambacho kitalu chake cha /24 kiliandikwa kwa jina la idara iliyokwisha kuvunjwa, na mwasiliani wake alikuwa mhadhiri mstaafu mwenye barua pepe kwenye kikoa ambacho hakipo tena. Kila ombi la kurejesha nenosiri lilikwenda kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Kilichotutoa pale ni masjala ya chuo, ile ya majalada ya karatasi. Karani alituletea jalada la kahawia lenye vumbi, na ndani yake kulikuwa na karatasi ya faksi iliyofifia kiasi kwamba tarakimu za mwisho za kitalu zilisomeka tu tulipoiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nyuma yake ilikuwepo barua ya mkuu wa idara akiomba anwani, ikiwa na muhuri na tarehe. Karatasi hizo mbili, pamoja na hati ya kisheria iliyoonyesha jinsi idara ilivyoingizwa kwenye kitivo kipya, ndizo zilizofungua mlango. Mhadhiri mwenyewe tulimpata kwa simu baadaye, na alifurahi kusikia kwamba anwani zake bado zinatumika.

Kwa hiyo, kabla ya kuiandikia masjala, kusanya mnyororo mzima wa nyaraka: barua au fomu ya awali kama ipo, hati ya usajili wa taasisi kwa jina la zamani, sheria, amri au cheti cha msajili kinachoonyesha mabadiliko ya jina au muungano, na barua ya leo yenye saini ya mtendaji aliye na mamlaka. Kila kiungo cha mnyororo kiguse kile kinachofuata. Ombi lenye pengo hurudishwa na maswali, na kila mzunguko wa maswali unaweza kuchukua wiki kadhaa. Mwasiliani mpya aandikwe kwa barua pepe ya wadhifa, si ya mtu, ili mrithi wako asirudie safari hii.

Najua kazi hii ya makaratasi huwachosha wahandisi, na wapo wanaopendekeza kuiruka kwa kumwomba mtoa huduma asajili kitalu kwa jina lake mahali pengine. Nawasihi msifanye hivyo kama suluhisho la kudumu. Kitalu chenye rekodi ya umiliki iliyotelekezwa ni windo rahisi. Ripoti ya ukaguzi ya AFRINIC ya Januari 2021 ilieleza jinsi anwani zaidi ya milioni 4 zilivyochukuliwa isivyo halali katika kanda yetu, na karibu milioni 1.8 kati yake zilikuwa za urithi, zile ambazo wenyewe walikuwa hawazitazami.

Rekodi yenu ipo, lakini na ya mtu mwingine ipo

Swali la whois limeleta rekodi mbili au tatu: yenu, ya mtoa huduma wa zamani, na labda moja ambayo hakuna anayeitambua. Hii hutokea kwa sababu yapo madaftari ambayo si sehemu ya masjala yoyote, kama RADB inayolipiwa kila mwaka na ALTDB isiyo na ada, na kwa muda mrefu madaftari hayo yalipokea matamko bila kuyalinganisha na rekodi ya umiliki. Watoa huduma nao walikuwa na desturi ya kusajili vitalu vya wateja wao kwa niaba yao, mteja akaondoka, rekodi ikabaki.

Rekodi ya ziada haizuii kitalu chenu kufika. Inaruhusu mtandao mwingine kukitangaza na kupita kwenye vichujio, na ndiyo maana haifai kuachwa. Mwandikie mtunzaji aliyetajwa kwenye mnt-by, kwa adabu, ukimwonyesha rekodi ya masjala yenye jina lenu. Asipojibu, waandikie wanaoendesha daftari lenyewe na uwape ushahidi uleule. Msiifute rekodi ya mtoa huduma wa zamani kabla trafiki haijahama kabisa, kwa maana mtajikata wenyewe. Iacheni kwanza ya zamani ifanye kazi, simamisheni mpya, thibitisheni kutoka nje, kisha ombeni ya zamani iondolewe.

Rekodi ni sahihi, lakini inafichwa au njia inaitwa batili

RPKI ni mfumo wa pili, wenye saini za kidijitali, ambamo mwenye anwani hutoa tamko liitwalo ROA kusema ni AS ipi inayoweza kutangaza kitalu na kwa urefu gani wa juu. Mtandao unaokagua huigawa kila njia katika hali tatu: halali, batili au isiyojulikana. Kitalu cha urithi kisicho na ROA huangukia hali ya tatu, nayo hupokelewa na mitandao mingi kama kawaida. Basi kukosa ROA si sababu ya kitalu kutoonekana leo, na mtu akikuambia hivyo mwombe akuonyeshe ushahidi.

Kuwa batili ni habari nyingine. Hutokea pale ROA ilipotolewa kwa namba ya AS ya zamani, au kwa /16 bila kuruhusu urefu wa /24 huku ninyi mkitangaza /24. Njia batili hutupwa na mitandao mikubwa mingi, na tena, madaftari yanayoendeshwa kwa programu ya IRRd toleo la 4 yanaweza kukataa au kuficha rekodi ya njia inayopingana na ROA. Ndipo unapoona jambo la kushangaza: rekodi uliyoiandika jana kwenye RADB ilipokelewa, na leo haionekani, bila mtu yeyote kuifuta. Usiiandike tena. Rekebisha ROA, na rekodi itajitokeza yenyewe.

Ili kutoa ROA, mwenye kitalu cha urithi chini ya ARIN anahitaji mkataba, kama nilivyotaja. Kwa RIPE, sera ya mwaka 2014 kuhusu wenye anwani za urithi inatoa njia kadhaa za uhusiano wa kimkataba, zikiwemo kujiunga kama mwanachama au kupitia mwanachama aliyepo. Suala hili hujitokeza kwa nguvu pale taasisi inapotaka kuzipeleka anwani zake kwenye huduma za wingu. Amazon, kwa mfano, hudai ROA inayozitaja AS16509 na AS14618 kabla ya kukipokea kitalu cha mteja, na hapo hakuna rekodi ya njia itakayochukua nafasi yake. Uamuzi wa kusaini mkataba ni wa uongozi na mwanasheria, lakini mhandisi awaeleze wazi kwamba kutosaini kuna gharama inayokua kila mwaka.

Makosa madogo ya uandishi

Haya ni machache na hugunduliwa upesi. Kitalu kiandikwe kwa anwani yake ya mwanzo, si 192.0.2.1/24. Mbele ya origin ziwepo herufi AS kabla ya namba. Jina la source liwe la daftari unalolitumia kweli. Anwani za urithi ni za IPv4, hivyo rekodi ni route, na route6 haihusiki.

Yote yakiisha kurekebishwa, subiri siku nzima kisha endesha bgpq4 ukiiagiza isome daftari la masjala yenu peke yake, kwa mfano bgpq4 -S AFRINIC -4 -l jaribio AS64500. Kitalu kikitokea kwenye jibu hilo, mwandikie mtoa huduma umwombe aondoe kibali cha muda alichowaandikia kwa mkono kwenye ruta zake wakati mnahangaika, kisha tazama tena kutoka nje kama kitalu bado kinaonekana.